Mama Mukhisa, Aliyetufundisha Kuhesabu Hadi Tisa

Tarehe 31 Julai 2025, Bi. Phelista Nabwile Wakoli, Mtaalamu Mkuu wa Maabara ya Kemia katika Chuo cha Sayansi Tumizi cha Elgon Mashariki, atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Atakuwa amekitumikia chuo hiki kwa miaka thelathini na saba kasoro mwezi mmoja. Amefanya kazi katika kampasi zote mbili, Kitale na Kanduyi, chini ya wakuu wa idara saba, na hakuna hata mmoja kati ya hao saba aliyewahi kujua chupa za akiba ziko wapi bila kumwuliza yeye.

Wengi wetu tunamwita Mama Mukhisa, kwa jina la kifungua mimba wake. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Jerono Kipyegon, mhadhiri wa kemia, niandike wasifu huu kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mikononi mwake kabla ya kuwa mwenzake kazini. Waliniambia kurasa mbili zinatosha. Watanisamehe.

Phelista alizaliwa mwaka wa 1965 karibu na soko la Kamukuywa, mtoto wa nne wa mkulima wa mahindi na maharagwe. Alipomaliza kidato cha nne alifundisha shule ya msingi kwa miaka michache bila cheti cha ualimu, kazi ambayo anasema ilimfundisha kusikia kelele za watoto wakiwa bado hawajazipiga. Agosti 1988 aliona tangazo kwamba chuo chetu, wakati huo kikiwa chuo kidogo cha ufundi pembezoni mwa Kitale, kilitafuta mtu wa kuosha vyombo vya maabara.

Watu kumi na wawili walifika kwenye mahojiano. Kila mmoja alipewa chupa moja chafu ya glasi, sabuni na brashi. Kumi na mmoja walirudisha chupa zinazong'aa. Phelista alirudisha yake ikiwa chafu vile vile.

"Hii iko na ufa hapa shingoni," alimwambia msimamizi. "Nikiiosha itang'aa, lakini mkiiweka kwa moto itawapasukia."

Aliajiriwa siku hiyo hiyo.

Hakukaa kwenye karo za kuoshea kwa muda mrefu. Alisoma lebo za chupa alizoziosha, akanakili jina la kila kemikali nyuma ya kalenda za kanisa, na jioni alimsomea mumewe, Mwalimu Wakoli wa Kiminini, majina hayo kama anayekariri ukoo. Alipata cheti cha teknolojia ya maabara mwaka wa 1993 na stashahada mwaka wa 1999, akisoma wakati wa likizo huku akilea watoto watatu. Mwalimu Wakoli ndiye aliyepiga pasi koti lake jeupe kila Jumapili jioni tangu enzi hizo, na tunaambiwa kwamba ameomba aliweke koti hilo nyumbani. Chuo kimekubali, ingawa kwa kanuni ni mali ya stoo.

Nisipotaja makali yake mtasema nimemtengeneza malaika. Mama Mukhisa aliwahi kumfungia nje mgeni wa heshima kutoka Nairobi kwa sababu alivaa viatu vya wazi. Aliwahi kumkuta mhadhiri akichemsha chai kwa maji safi ya maabara, yale tunayoyachuja kwa siku nzima kupata lita chache, akamwandikia deni la maji ukutani na kumlazimisha ayachuje upya kwa mikono yake mwenyewe. Aliwaficha wanafunzi vijiti vizuri vya kukorogea hadi waonyeshe kwamba wanajua kukoroga. Na kwa kuwa ulimi wa nyumbani kwake hubadilisha "l" na "r" upendavyo, alituambia kwamba anafanya kazi "maabala", akiwa na kimeng'enya kiitwacho "ripasi", yaani lipasi. Mwanafunzi mmoja alipojaribu kumwigiza, alijibiwa papo hapo: "Mdomo wangu utasema venye unataka. Wewe lebo yako umeandika sawa?" Lebo ilikuwa na makosa mawili.

Mwaka wa 2014 Profesa Mathenge, aliyekuwa mkuu wa idara, alianzisha mradi ambao ndio uliotufanya tujulikane nje ya kaunti hizi mbili. Kwa wasomaji wa idara nyingine nitaueleza kwa ufupi. Kemikali nyingi tunazotumia, harufu za sabuni, ladha za peremende, hata sehemu za dawa, haziwezi kutengenezwa kwa urahisi bila kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko. Njia ya zamani ni asidi kali, ambayo hula mabomba na kutuachia taka tusizojua pa kuzipeleka. Vimeng'enya, vile vinavyofanya kazi hiyo hiyo ndani ya miili ya viumbe, huifanya kwa upole na bila moto mkali. Shida yake ni kwamba ukishakitia kimeng'enya ndani ya mchanganyiko, hukipati tena. Unakitumia mara moja na kukimwaga, na chetu kilitoka ng'ambo katika sanduku la barafu baada ya kusubiriwa kwa miezi.

Wazo la Profesa lilikuwa kukifunga kimeng'enya kwenye chembe za oksidi ya chuma zilizo ndogo mno, chembe nano, ambazo maelfu yake yanaweza kujipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Kazi ikiisha unaweka sumaku kando ya chupa. Chembe zote hukimbilia upande ule zikiwa na kimeng'enya chake. Unamimina ulichotengeneza, unaongeza malighafi, unaanza mzunguko mwingine kwa kimeng'enya kile kile.

Mama Mukhisa aliwaeleza wanafunzi wa sekondari waliotutembelea kutoka Kiminini kwa namna iliyo bora kuliko hii yangu. "Ng'ombe ukimwachilia hivi hivi atakula, lakini jioni humwoni. Ukimfunga kwa kigingi anakula, anatoa maziwa, na kesho bado uko naye."

Chembe zenyewe zilitoka mikononi mwake. Chumvi mbili za chuma, amonia kwa matone, na kukoroga bila pupa. Ukiharakisha zinatoka kahawia na kugandana. Mimi zilinitoka kahawia mara saba. Zake zilitoka nyeusi tititi kila mara, na ukisogeza sumaku zilisimama kama manyoya ya paka aliyeogopa.

Nilijiunga na mradi mwaka wa 2015 kama mwanafunzi wa uzamifu. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza esta, kemikali yenye harufu ya ndizi mbivu, kutokana na asidi iliyomo kwenye siki pamoja na alkoholi, nikitumia lipasi iliyofungwa kwenye chembe za Mama Mukhisa. Kufikia Machi 2017 tulikuwa tumekitumia kimeng'enya kile kile kwa mizunguko kumi na mitano bila namba kushuka. Profesa alitembea idarani akitabasamu hata kwa watu wasiomsalimia. Makala yetu ilikubaliwa na jarida. Tarehe yangu ya kutetea tasnifu ilipangwa, wiki sita mbele, na mama yangu kule Kapcherop alikuwa ameshawaalika jamaa.

Jumatatu moja asubuhi, Mama Mukhisa alikuwa akikusanya vyombo vya wiki iliyopita ili vioshwe. Alifika kwenye chupa ndogo niliyoiacha mezani Ijumaa. Siku hiyo nilikuwa nimeusimamisha mmenyuko katikati: nikavuta chembe zote kwa sumaku, nikachukua kioevu kitupu, nikapima nusu yake na kuacha nusu. Mashine ilionyesha kwamba thelathini na nane kwa mia ya malighafi ilikuwa imegeuka kuwa esta. Bila chembe, kioevu kile kilipaswa kubaki vile vile hata kama kingekaa mwaka.

Alifungua kizibo, akanusa, akafunga, akafungua tena.

"Jerono, kuja unuse hapa."

"Ni ndizi, Mama. Si hiyo ndiyo tunatengeneza?"

"Ijumaa ilikuwa inanuka kwa mbali. Leo inanuka kama soko."

Aliipima. Mashine ilisema sitini na nne.

"Mashine imeanza mambo yake," nilisema.

"Nimeijaribu na sampuli ya kawaida kwanza. Mashine iko sawa."

Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kioevu kisicho na chembe hata moja kilikuwa kimeendelea kufanya kazi Jumamosi na Jumapili tukiwa makwetu. Maana yake ilikuwa moja tu: kimeng'enya hakikuwa kimefungwa. Kilikuwa kikibanduka kutoka kwenye chembe na kuogelea ovyo. Tulikuwa tumepakia kingi mno tangu mwanzo, na kila mmenyuko tuliuachia muda mrefu, hivi kwamba hata kilipovuja mzunguko baada ya mzunguko, kilichosalia kilitosha kutupa namba nzuri. Mizunguko kumi na mitano ilikuwa hadithi tuliyojisimulia.

Sasa naandika jambo ambalo ni gumu kwangu. Nilitazama mlango kama umefungwa, kisha nikamwambia: "Mama, hii chupa si uioshe tu?"

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Nitaiosha," alisema, "lakini baada ya kuandika." Aliandika namba mbili na tarehe zake, kisha akanitazama. "Ongea na Prof wewe mwenyewe. Ni kazi yako, haifai itoke kwa mdomo wangu kwanza. Nakungoja mpaka Alhamisi."

Kati ya Jumatatu na Alhamisi alirudia jaribio lile mara tatu, kwa chembe kutoka mafungu matatu. Mara zote kioevu kitupu kiliendelea kufanya kazi. Mimi nilijificha maktaba. Alhamisi ikapita. Ijumaa saa tatu asubuhi niliitwa ofisini kwa Profesa Mathenge, nikamkuta Mama Mukhisa amesimama mbele ya meza. Mezani palikuwa na karatasi ya vipimo, na kando yake chupa ya kahawia niliyoifahamu. Ilikuwa chupa ya glutaraldehaidi, kemikali inayoshikanisha kimeng'enya na chembe. Sisi tuliiita gundi.

"Prof, na hii nayo ni yangu," alisema.

Alieleza bila kuzungukazunguka. Mwaka uliotangulia, wakati wa mvua, transfoma ililipuka na stima ikapotea siku nne. Jokofu lilipata joto. Kemikali ile haivumilii joto; inajishika yenyewe kwa yenyewe na kupoteza nguvu ya kushika kingine. Alijua alipaswa kuitupa. Alijua pia kwamba nyingine ingechukua miezi mitano kufika na mradi wote ungesimama. Stima iliporudi aliirudisha chupa jokofuni, na hakuandika chochote.

"Nilifikiria itasaidia mpaka mpya ifike. Sikuuliza mtu. Kosa la kuvuja si la huyu msichana, ni langu."

"Unajua makala imekubaliwa?" Profesa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Najua, Prof."

"Na umekaa na hii chupa mwaka mzima?"

"Nimekaa nayo."

Nataka msomaji alione jambo hili vizuri. Hakuna mtu angeijua chupa ile. Mvujo ungeweza kuhesabiwa kuwa uzembe wangu au bahati mbaya ya sayansi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, akingojea kupandishwa cheo, na aliibeba chupa mwenyewe kwa mikono miwili hadi kwenye meza ya mkubwa wake.

Makala iliondolewa kabla ya kuchapishwa. Utetezi wa tasnifu yangu uliahirishwa bila tarehe. Mama Mukhisa alipewa barua ya onyo, cheo kikaenda kwa mwingine, naye akahamishiwa kampasi ya Kanduyi, kwenye maabara ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alipanga chumba karibu na uwanja wa michezo na kurudi Kiminini mwisho wa wiki. Mwalimu Wakoli alianza kujipikia, na wajukuu bado wanasimulia ugali wa majuma yale.

Mimi sikumuaga. Kwa miezi minne sikumpigia simu wala kujibu salamu zake. Nilimweleza kila aliyenisikiliza kwamba chupa ya Mama Mukhisa ndiyo iliyonipotezea mwaka. Sehemu yangu sikuisema.

Kanduyi alikuta viti ishirini, mifereji inayotoa maji yakipenda, na wanafunzi wasioweza kutofautisha kipimio na kijiko. Siku za mechi kelele za uwanjani zilifunika sauti yake, naye akafundisha kwa ishara. Nimezungumza na watu waliosoma huko mwaka ule. Wanasema hawakujua kwamba alikuwa amepelekwa pale kama adhabu. Walidhani chuo kimewapa mtaalamu wake bora, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa nane simu yangu ililia.

"Jerono, mvua imenyesha huko? Kuja Kanduyi Jumatano. Beba chembe na sumaku. Gundi mpya imefika, nimeipokea kwa mkono wangu, na huku tuko na jenereta."

Nilifika nikiwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu ya kuomba radhi. Alinipa glavu.

"Utasema ukiwa unafanya kazi," alisema.

"Mama, nisamehe."

"Kwa nini?"

"Kwa kusema uoshe ile chupa. Na kwa mengine niliyosema baadaye."

"Ulikuwa umeogopa. Mimi pia niliogopa nikanyamaza mwaka mzima. Wewe ulijaribu siku nne tu." Akanisogezea kopo. "Sasa shika hii, isimwagike."

Tulifanya kazi kila Jumatano kwa miezi saba. Tulikiacha kimeng'enya kishikane na chembe polepole, katika baridi. Kisha tuliosha, na hapa ndipo alipoleta wazo lake mwenyewe. Kila maji ya kuoshea yaliyotoka hakuyamwaga. Aliyatia kidogo kwenye malighafi mpya na kungoja. Maji yakitengeneza esta, hata chembe ya harufu, basi bado kuna kimeng'enya kinachobanduka, na tunaosha tena. "Maji ya mwisho lazima yawe bubu," alisema. Mara ya kwanza yalinyamaza baada ya kuosha mara kumi na moja. Nilitaka kuacha kwenye ya nane.

Kisha tuliufupisha muda wa kila mmenyuko, ili hasara yoyote ionekane badala ya kujificha. Mzunguko wa kwanza hadi wa tisa namba zilisimama imara, kila mmoja ukibaki juu ya tisini kwa mia ya nguvu za mwanzo. Wa kumi ulishuka hadi themanini na tatu.

"Mama, kumi si inakaribia tu? Tukirudia labda itafika."

"Turudie," alikubali. Tulirudia kwa mafungu matatu. Wa kumi ulishuka mara zote. "Kumi haijafika. Andika tisa."

Niliandika tisa. Ilikuwa chini ya kumi na tano, na ilikuwa namba ya kwanza katika maisha yangu ya utafiti ambayo ningeweza kuisema mbele ya mtu yeyote bila kuangalia pembeni.

Profesa Mathenge alikuja Kanduyi mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, magoti yakigusa meza. Hakutaka kuonyeshwa karatasi. Alianzisha mmenyuko, akausimamisha katikati, akavuta chembe kwa sumaku kwa mkono wake, akapima kioevu kitupu. Arobaini na moja. Kisha tulingoja. Tulikula chakula cha mchana, tukazungumza habari za mahindi na bei ya mbolea, tukarudi. Alasiri alipima tena. Arobaini na moja.

Alivua miwani na kuipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mama Mukhisa, mimi nilikuandikia barua ya onyo."

"Iko kwa faili, Prof. Ilikuwa haki."

"Basi nitaandika nyingine ikae juu yake." Kisha akaongeza, "Rudi Kitale. Nimechoka kutafuta vitu."

"Hawa watoto nitawaacha na nani katikati ya mwaka?"

Alikaa nao hadi mwaka wa masomo ulipoisha, na akarudi Kitale Januari 2019. Mtihani wa vitendo wa mwaka ule, Kanduyi iliishinda Kitale kwa mara ya kwanza, jambo ambalo bado halitajwi kwenye mikutano ya idara ya upande wetu.

Makala mpya ilichapishwa mwishoni mwa 2018, ikiwa na mizunguko tisa. Jina la Mama Mukhisa lilikuwa la tatu kati ya waandishi. Hakuna mfanyakazi wa maabara wa chuo hiki aliyekuwa amewahi kutajwa hivyo kabla yake. Yeye mwenyewe aliomba mambo mawili: Nabwile iandikwe kwa herufi zake zote, na iwekwe sentensi moja inayosema kwamba matokeo ya awali yaliharibiwa na kemikali iliyopata joto. Profesa alisema sentensi hiyo si ya lazima. Iko ukurasa wa nne.

Kule Kamukuywa habari zilifika kanisani. Mchungaji alitangaza kwa furaha kwamba dada yao Phelista amefaulu kuvifunga vimeng'enya kwa chuma, na waumini, ambao wamezoea kusikia yanayofungwa ni mapepo, walipiga makofi na kusema "Amina!" kwa nguvu zilizotikisa mabati. Mama mmoja alimfuata nje kumwomba aje aombee boma lake. Mama Mukhisa anasema alieleza kwa nusu saa habari za lipasi, na yule mama akamjibu, "Sawa, dada. Lakini utakuja lini?"

Mimi nilitetea tasnifu yangu Novemba 2018, mwaka mmoja na miezi saba baada ya tarehe ya kwanza. Jamaa zangu wa Kapcherop walikuja wote, na waliketi safu moja na Mwalimu Wakoli.

Baada ya kurudi Kitale, cheo alichokikosa alikipata mwaka wa 2020. Amewafundisha mafundi wa maabara kumi na wanne, ambao sasa wako kwenye vyuo na hospitali kuanzia Webuye hadi Lodwar. Vimeng'enya vyetu vilivyofungwa sasa vinatengeneza esta sita tofauti, na kikundi cha akina mama watengeneza sabuni pale Kiminini kimejaribu mbili kati yake. Ile ya ndizi waliikataa, wakisema mteja ataila. Jaribio la kuvuta chembe na kungoja ni kanuni ya idara. Hakuna mwanafunzi anayeandika idadi ya mizunguko bila kulifanya, na karatasi ya kanuni hiyo ina sahihi ya P. N. Wakoli.

Kwa wiki mbili zilizopita amekuwa akimkabidhi kazi Bw. Kipruto, mrithi wake. Wamepita kabati baada ya kabati. Kipruto ananiambia kwamba kwenye kila kabati alielezwa kilichomo, kisha akaelezwa ni kosa gani liliwahi kufanyika hapo na ni nani aliyelifanya. Makosa mengi aliyoyataja, anasema, yalikuwa ya Mama Mukhisa mwenyewe.

Jambo moja hakumwambia. Hakumwambia Kipruto, wala Profesa Mathenge siku ile ofisini, wala mumewe, maana nilimwuliza Mwalimu Wakoli juma lililopita naye akashangaa. Katika miaka minane hakumwambia mtu yeyote kwamba nilimwomba aioshe ile chupa. Idara nzima imeamini kwamba mimi na yeye tulikwenda kwa Profesa pamoja, na kwamba mimi niliponzwa tu na kosa la mwingine. Nimepewa kazi hapa kwa sifa hiyo. Nimepongezwa kwa uaminifu kwenye sherehe kama hii ya leo, naye alikuwa ameketi safu ya tatu, akipiga makofi.

Sikuwa na ujasiri Alhamisi ile. Nimeupata leo, umechelewa, na ninauweka hapa mbele ya kila atakayeshika karatasi hii: alikwenda peke yake.

Mama Mukhisa, asante kwa chembe nyeusi, kwa vijiti ulivyotuficha, kwa Jumatano zote za Kanduyi, na kwa kunitunzia jina langu hadi nikue vya kutosha kulisafisha mwenyewe. Ng'ombe wawili wanakungoja Kamukuywa, na kwaya ya akina mama imeshakutengea nafasi katika sauti ya pili. Mwalimu Wakoli anasema sasa ni zamu yako kupikiwa, na ameahidi kwamba amejifunza. Mwenyezi Mungu akupe magoti yasiyouma, mvua kwa wakati wake, wajukuu wasiokuchosha, na asubuhi nyingi zisizo na kengele. Sisi wa Kitale na wa Kanduyi tunakutakia mema yote ya nyumbani, na milango ya maabara zote mbili iko wazi kwako, hata ukija na viatu vya wazi.